Ndoo, Rafiki, Tuteke: Msikilizaji wa Lugha ya Pili katika Usiku wa Ughani

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa ushairi wa Kiswahili umekuwa, kwa sehemu kubwa, uhakiki wa maandishi. Tangu Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954 hadi mjadala wa mashairi huru uliopamba moto katika miaka ya 1970, hoja zilizotawala zilihusu kile kinachoonekana ukurasani: idadi ya mizani, mpangilio wa vina, urefu wa mishororo, na haki ya mtunzi kuviacha vyote hivyo. Ni kweli kwamba wataalamu kadhaa, miongoni mwao Ibrahim Noor Shariff katika Tungo Zetu (1988), wamesisitiza kuwa tungo za Waswahili ni za kuimbwa kabla ya kuwa za kusomwa. Hata hivyo, mkazo huo ulimlenga mtunzi na mghani. Msikilizaji amebaki pembeni, kana kwamba kusikia ni jambo linalojifanya lenyewe mara tu sauti inapotoka.

Makala haya yanamshughulikia msikilizaji huyo, na hasa yule ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya pili. Idadi ya watu wa aina hiyo si ndogo. Wasemaji wa Kiswahili kama lugha ya pili ni wengi zaidi kuliko wale waliokipata kwa mama zao, na sehemu kubwa ya wanafunzi wanaosomea shahada za juu za ushairi huu wamo katika kundi hilo. Wanapofika kwa mara ya kwanza katika usiku wa ughani, mjini Mombasa au Lamu, hukutwa na jambo ambalo vitabu havikuwaandalia: bahari ya shairi wanaijua kwa jina, lakini maneno yenyewe yanawapita. Swali linaloulizwa hapa ni kwa nini yanawapita. Jibu la haraka, yaani kwamba msamiati wao ni haba, litaonekana kuwa halitoshi.

2.0 Kisa cha ndoo

Na achukuliwe mfano wa mwanafunzi wa uzamili aliyezaliwa karibu na Bukoba, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kihaya. Mwanafunzi huyu ni wa kubuni, ingawa walimu wengi watamtambua. Kiswahili amekitumia tangu darasa la kwanza; anakiandika kwa ufasaha kuliko wenyeji wengi wa pwani, na akiulizwa tofauti ya inkisari na mazida hatasita. Sasa ameketi mkekani Mombasa, baada ya sala ya isha, kahawa chungu imekwisha kupitishwa, na mghani mwenye umri wa babu yake anafungua kinywa. Mshororo wa kwanza, uliotungwa kwa ajili ya makala haya, ni huu:

Ndoo rafiki tuteke, tufutane letu tozi.

Mizani imetimia, minane kwa minane. Mwanafunzi anaihesabu kwa vidole bila kukosea. Kuhusu maana, anayo pia, na inamridhisha: kuna ndoo, kuna rafiki, kuna kuteka maji. Wawili wako kisimani. Neno la mwisho, tozi, halijui. Lakini kwa kuwa kuna kufutana, anakisia kuwa huenda ni kitambaa au upande wa kanga wa kufutia maji yaliyomwagika. Anatulia, akisubiri habari za kisima ziendelee. Wenzake mkekani wamekwisha kuguna kwa huruma, naye hajui wanaguna nini.

Mghani hakutaja ndoo wala hakutaja kuteka maji. Alisema, kwa Kimvita, kile ambacho Kiswahili sanifu kingekisema hivi: njoo rafiki tucheke, tufutane chozi letu. Katika lahaja za kaskazini, mahali penye nj ya Kiunguja mara nyingi hukutwa nd, na mahali penye ch hukutwa t: njaa ni ndaa, njia ni ndia, chini ni tini, macho ni mato, nchi ni nti. Kila mwanafunzi wa isimu amewahi kuona jedwali la mifano hii, na mwanafunzi wa Bukoba bila shaka alilijibia swali katika mtihani. Lakini jedwali hukaa kimya mtu anapolitazama, ilhali mghani hamsubiri mtu alifungue.

Kinachofanya kisa hiki kistahili kuchunguzwa ni kwamba kosa lenyewe ni zuri. Kama ndoo ingesikika peke yake katikati ya habari za mapenzi, msikilizaji angeshtuka na kutafuta maana nyingine. Hapa ndoo imefuatana na kuteka, na maneno haya mawili ni majirani wa zamani; kila moja linalithibitisha jingine. Umilisi wake wa Kiswahili sanifu, badala ya kumwokoa, ndio uliompoteza. Mgeni asiyejua Kiswahili kabisa asingeona kisima chochote.

3.0 Anachokisikia mzawa

Inadaiwa mara nyingi kuwa mzawa wa Mombasa huelewa mshororo kama huo kwa sababu ya muktadha. Dai hilo lina ukweli nusu. Mzawa hahitaji muktadha ili kutenganisha kuteka na kuteka, kwa sababu kwake si neno moja. Kimvita kina vipasuo vya aina mbili mahali ambapo Kiswahili sanifu kina aina moja: kipo kipasuo cha meno, ambapo ncha ya ulimi hugusa nyuma ya meno ya juu, na kipo kipasuo cha ufizi. T ya kucheka na ya chozi ni ya meno. T ya kuteka maji ni ya ufizi. Vivyo hivyo, nd ya kumwita mtu si nd ya chombo cha maji. Tofauti hizi ni za kifonimu, maana hutenganisha maneno, nazo husikika hata katika wimbo, kwa kuwa lahani hucheza na irabu zaidi kuliko inavyocheza na konsonanti.

Maandishi yaliyokubaliwa baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na kusimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, yalijengwa juu ya Kiunguja, na Kiunguja hakikuhitaji alama mbili za t. Uamuzi huo unaeleweka kwa shabaha yake, yaani kupata lugha moja ya shule na vitabu. Lakini matokeo yake ni kwamba mwanafunzi aliyejifunzia Kiswahili shuleni alifundishwa, bila mtu yeyote kukusudia, kutosikia tofauti ambayo tungo nyingi za Mombasa zinaitegemea. Inafaa kukumbuka kuwa hali haikuwa hivyo tangu mwanzo. W. E. Taylor, mmisionari aliyeishi Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, alitumia alama za kutenganisha vipasuo hivyo katika mkusanyo wake wa methali uliochapishwa mwaka 1891. Taylor naye alikuwa msikilizaji wa lugha ya pili. Tofauti ni kwamba pembeni yake alikuwapo Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ambaye bila yeye sehemu kubwa ya tungo za Muyaka bin Haji isingetufikia.

4.0 Mkazo unapozamishwa na lahani

Tatizo la pili haliishii katika lahaja. Lingekuwapo hata kama mghani angetumia Kiswahili sanifu kitupu. Katika mazungumzo, mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache ya mkopo kama ile barabara ambayo walimu wa fonolojia wameitembea hadi ikachakaa. Kazi ya mkazo huu kwa msikilizaji ni kubwa kuliko inavyokiriwa. Si pambo la neno, bali ni kigingi kinachoonyesha kuwa neno linakaribia kwisha. Anayejifunza Kiswahili ukubwani au shuleni huzoea kuvitegemea vigingi hivyo ili kukata mfululizo wa sauti vipande vipande.

Ughani huving'oa. Kila mizani hupewa haki yake, na silabi zinazorefushwa ni zile ambazo lahani imezichagua, hasa ile ya kina cha kati na ile ya kina cha mwisho. Kwa hiyo mkazo unaosikika ni wa mshororo, si wa neno. Mfano mwingine uliobuniwa utasaidia:

Wana wake wamekuja, kumlilia mzazi.

Katika usemi wa kawaida, wana wake na wanawake hutenganishwa kwa mkazo: katika la kwanza upo mara mbili, katika la pili mara moja. Ikighaniwa, tofauti hiyo hutoweka, na waliokuja kulia wanaweza kuwa watoto wa marehemu au akina mama wa mtaa mzima. Hapa mzawa naye hana msaada wa kifonimu kama aliokuwa nao katika ndoo na kuteka. Anasikia kile kile anachosikia mgeni. Hata hivyo, ukumbini mzawa hatatiziki, na mgeni hutatizika. Kwa nini?

Inapendekezwa hapa kuwa tofauti yao iko katika uwezo wa kuahirisha uamuzi. Mzawa amezisikia tungo za aina hii tangu akiwa mtoto mgongoni. Amezoea kwamba ukwapi husema nusu na utao humalizia, na kwamba neno lenye ufunguo aghalabu huwekwa mahali pa kina cha mwisho, ambapo sauti itatua. Kwa hiyo hushikilia maana zote mbili bila wasiwasi, kama mtu aliyebeba mizigo miwili kwa muda mfupi akijua kituo kiko karibu. Neno mzazi likifika, huutua mmoja. Wakati mwingine hulitangulia: msikilizaji mahiri, akishajua kina na mkondo wa habari, hulitamka neno la mwisho pamoja na mghani au kabla yake, na furaha ya ukumbi hutokana kwa kiasi fulani na kubahatisha huko. Msikilizaji wa lugha ya pili hufanya kinyume. Kwa kuwa kila neno kwake ni hatua ya kuokolewa kutoka mtoni, hukanyaga jiwe la kwanza analoliona. Anaamua kuwa ni wanawake, anasonga mbele, na mzazi linapofika halimzuii, maana wanawake nao huweza kumlilia mzazi. Hajui kuwa amekosea. Kosa lisilojitangaza ndilo gumu kusahihisha.

Ukikubaliwa ufafanuzi huu, basi shauri la kawaida wanalopewa wanafunzi, kwamba wakariri sherehe za maneno zilizo mwishoni mwa diwani, ni shauri la nusu njia. Anayejua kuwa tozi ni chozi bado anaweza kupotea. Kinachohitajika ni mazoea ya kusikia mishororo mizima, mingi, kwa kurudiwa, hadi sikio lijue mahali pa kungoja. Kwa bahati njema ughani wenyewe una utaratibu wa kusaidia. Waghani wengi hurudia mshororo kabla ya kuendelea, na kibwagizo hurejea kila ubeti. Mgeni hudhani marudio hayo ni ya wimbo tu. Kumbe ni nafasi anayopewa kila aliye mkekani, mzawa kwa mgeni, ya kuhakiki alichokisikia.

Kuna jambo la tatu, mafumbo, ambalo halihitaji maelezo marefu kwa kuwa limeandikiwa sana. Itoshe kusema kuwa fumbo halimbagui mtu kwa lugha yake ya kwanza. Katika Sauti ya Dhiki (1973) Abdilatif Abdalla ana shairi la watu wawili wanaogombea mnazi. Mtu wa Bukoba anaujua mnazi, anajua ugomvi, na akiambiwa mshairi alikuwa gerezani na kwa nini, atalifumbua sawa na mtu wa Kisauni. Anayeshindwa kulifumbua ni yule asiyejua habari za wakati huo, na huyo aweza kuwa amezaliwa popote.

5.0 Ngonjera na sikio la bara

Yaliyosemwa hadi hapa yasichukuliwe kuwa ushahidi wa ile rai, isiyokwisha kusikika barazani na wakati mwingine hata kwenye semina, kwamba ushairi wa Kiswahili una wenyewe na wengine ni watazamaji. Historia haiiungi mkono. Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, alikuwa Mgogo wa Dodoma, na lugha ya utoto wake ilikuwa Kigogo. Euphrase Kezilahabi, ambaye Kichomi (1974) ilizusha mjadala ambao vumbi lake halijatua vizuri, alitoka Ukerewe. Watu hawa hawakuomba ruhusa ya kuingia.

Mnyampala anastahili kutazamwa upya kwa kigezo cha usikivu. Ngonjera zake, zilizochapishwa katika vitabu viwili vya UKUTA mwaka 1970 na 1971, zimehukumiwa mara nyingi kuwa ni propaganda iliyovikwa vina, iliyostawi kwa upepo wa Azimio la Arusha la mwaka 1967. Hukumu hiyo ina haki yake kuhusu maudhui. Lakini inapuuza jambo la umbo. Ngonjera ni shairi la majibizano ya jukwaani: upande mmoja husema, upande wa pili hukana, wa kwanza hueleza tena kwa maneno mengine, hadi mmoja akubali. Kila hoja hupita masikioni zaidi ya mara moja, kila mara katika sura tofauti, na lugha ni ile ya sanifu. Msikilizaji aliyekosa neno katika ubeti wa anayeuliza hulipata katika ubeti wa anayejibu. Kwa maneno mengine, majibizano hufanya hadharani ile kazi ya kuahirisha na kuthibitisha ambayo mzawa wa pwani huifanya kimya kimya kichwani. Ni vigumu kuamini kuwa ni sadfa kwamba bahari iliyoenea mashuleni, mbele ya wazazi ambao wengi wao Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumbani, ilikuzwa na mtu ambaye mwenyewe alikuja Kiswahili kutoka nje.

Kuhusu mashairi huru, usiku wa usomaji huleta hali ya kinyume. Yanaposomwa kwa sauti ya mazungumzo, vigingi vya mkazo hurudi mahali pake na mgeni hukata maneno bila taabu. Lakini kwa kuwa hakuna kina, hajui sauti itatua wapi, wala hana namna ya kutangulia. Wazee wa mapokeo waliolalamika kuwa hayaimbiki walikuwa na hoja ya kiisimu kuliko wao wenyewe walivyoieleza.

6.0 Daftari la mtafiti

Mkanganyo wa mwanafunzi mmoja mkekani si msiba. Atacheka kwa kuchelewa, akiazima kicheko cha jirani yake, na asubuhi atasahau. Jambo huwa zito pale mwanafunzi huyo anapokuwa na kinasa sauti, na unukuzi wake unapokuwa kiambatisho cha tasnifu, na tasnifu ikawekwa maktabani, na mghani akafariki. Kuanzia hapo shairi ni lile lililoandikwa. Ikiwa aliandika kisima, wajao watasoma kisima, na si ajabu mmoja wao akaandika makala kuhusu taswira ya maji katika ushairi wa Mombasa.

Kinga inayotajwa zaidi ni kurudi kwa mghani na kumuuliza. Ni kinga ya lazima, lakini ina mtego wake. Mtafiti akienda kwa adabu, akamwamkia maalim na kumuomba amtajie mshororo ule polepole, mara nyingi atatajiwa hivi: Njoo rafiki tucheke, tufutane letu chozi. Maalim hakudanganya. Amemtazama mgeni, amekisikia Kiswahili chake cha shule, na kwa ukarimu amemsogezea maneno kama vile angemsogezea sahani ya halua. Mtafiti huondoka na shukrani na mshororo ambao haukuimbwa kamwe. La kutia wasiwasi zaidi ni kuwa hakuna kitakachomsuta. Njoo na ndoo zina mizani sawa. Tucheke na tuteke zote zinaishia na ke. Chozi na tozi zote zina zi. Sheria zote za shairi zimetimizwa, na lahaja imefutika bila kuacha alama.

Hali hubadilika pale ambapo umbo la lahaja limekaa kwenye kina chenyewe. Mtunzi aliyefunga mshororo kwa mato, akaufuata na mishororo inayoishia kwa kito, pato na mapito, hawezi kusanifishwa kwa siri: mtafiti akiandika macho, kina hukatika na kosa hupiga kelele. Kina basi ni shahidi, na mhariri wa tungo za zamani hana budi kumhoji kwanza kabla ya kumwamini mnukuzi. Nti ikighaniwa huhesabiwa mizani miwili, sawa na nchi, kwa hiyo mizani haisaidii hapo. Lakini muwili ulioandikwa mwili huacha pengo la mzani mmoja, na pengo huonekana.

Ndani ya mshororo, mbali na vina, shahidi pekee aliyebaki ni sauti yenyewe. Kwa sababu hiyo mtahini wa tasnifu ya fasihi simulizi ana haki ya kudai kanda au nakala ya sauti iliyorekodiwa pamoja na daftari, na kuisikiliza akiwa na msemaji wa lahaja inayohusika, hasa mahali ambapo unukuzi unaonekana kuwa safi kupita kiasi. Alama ya kutenganisha t ya meno na t ya ufizi, kama ile aliyoitumia Taylor, haigharimu chochote katika unukuzi wa kitaaluma, hata kama tahajia ya kawaida haiihitaji. Na maalim akiulizwa, asiombwe kutaja mshororo. Aombwe kuuimba tena, kwa kuwa akiimba ulimi hurudi kwenye meno wenyewe.